Bega Lisilo na Rangi

Mwaka 1940, mtu aliyezoea mambo ya jeshi la Ujerumani angemtazama askari begani tu akajua kazi yake. Uzi mweupe pembezoni mwa bega: askari wa miguu. Mwekundu: mizinga. Waridi: vifaru, na sijui nani aliyewaza kuwapa watu wa vifaru rangi hiyo. Mweusi ulikuwa wa wahandisi wa medani, manjano ya limau ya watu wa mawasiliano. Vitabu vinene vimeandikwa kuhusu nyuzi hizo, na wapo wanaolipa fedha nyingi kwa kipande cha kitambaa kisichojaza kiganja. Sina ugomvi nao. Nagombana na mazoea ya kudhani kwamba vita ni ya wale waliogawiwa rangi, na kwamba tukishazisoma rangi zao tumeisoma vita.

Toleo hili linahusu nguo za vita. Tumeamua kulianzia Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako vita ya 1914 ilifika mapema na sare za Wajerumani na za Waingereza zilitazamana kuvuka mto mmoja, Songwe.

Jeshi la Wajerumani lililokuwa huku liligawa rangi kwa namna yake. Rangi haikutaja kazi, ilitaja koloni. Mjerumani aliyepangiwa Afrika Mashariki, katika sare ya kijivu aliyovaa akiwa kwao, aliwekewa nyeupe kwenye kola na pindo za mikono; mwenzake wa Namibia ya leo aliwekewa buluu, wa Kamerun nyekundu. Mwafrika hakuwamo katika mpango huo. Askari wa kampuni ya tano, iliyokuwa na kambi yake Masoko, juu ya Kyela, alivaa kaki, na tarbushi iliyofunikwa kaki yenye tai wa Kaiser mbele. Cheo chake kilishonwa kwenye mkono wa kushoto kwa mistari myekundu yenye umbo la V: mmoja kwa ombasha, miwili kwa shaushi, na kuendelea. Efendi ndiye aliyekuwa juu ya Waafrika wote, lakini hakuweza kumwamuru Mjerumani yeyote.

Askari wa kampuni hiyo walikuwa miongoni mwa waliovuka Songwe Septemba 1914 kwenda kuishambulia Karonga, upande wa Waingereza, wakarudishwa tarehe 9 kwa hasara kubwa. Mwezi mmoja nyuma, Agosti 13, meli ya Waingereza Guendolen ilikuwa imeikuta Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kule Liuli, ikaiharibu kabla Wajerumani wale hawajapata habari kwamba vita imeanza. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey wa Waingereza yalivuka kuja upande huu, na Tukuyu ikaanguka mwezi uleule.

Kisha rangi zenyewe zikaanza kuyeyuka, na hapa ndipo napenda msomaji akae kidogo. Meli za Waingereza zilifunga bahari, vitambaa vikaadimika. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, anaeleza katika kumbukumbu zake jinsi pamba ilivyosokotwa kwa mkono, ikafumwa, na nguo ikatiwa rangi kwa mzizi uitwao ndaa. Mzizi huo ulitoa hudhurungi inayoelekea manjano, na yeye mwenyewe akaisifu kwamba haionekani upesi nyasini wala porini. Jeshi lenye kanuni ya kila pindo na kila kifungo likawa linavikwa na mti wa huku. Novemba 1917 lilivuka kuingia Msumbiji, likaiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, na askari wa Kaiser wakaendelea na safari kwa silaha na mavazi ya Mreno. Mpenda sare angemsoma nini mtu huyo begani?

Sasa tumtazame aliyekuwa nyuma ya askari huyo. Kwa Northey, chakula na risasi zilikuja kwa meli mpaka kaskazini mwa ziwa, kisha zikapanda milima kwa vichwa na mabega ya watu. Wapagazi hao waliitwa tengatenga. Hawakuwa na mstari wala tai, na wengi walitembea na nguo waliyotoka nayo nyumbani. Kadiri njia ilivyorefuka, ndivyo walivyohitajika wapagazi zaidi wa kubeba chakula cha wapagazi. Njaa, kuhara damu na homa viliwaua wengi kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza pekee, makadirio ya wapagazi waliokufa Afrika Mashariki yanafika takriban 95,000.

Waliorudi hawakuisahau sare. Beni, ngoma iliyozaliwa mwambao wa Kenya kabla ya vita, ilisambaa bara pamoja nao, na kando ya ziwa hili ikapata ndugu zake: mganda upande wetu, malipenga upande wa Malawi, zenye kaptura nyeupe zilizopigwa pasi, mistari ya gwaride, na vyeo ambavyo kijana alijipatia bila kuomba ruhusa ya mzungu. Wengine huita kuiga. Mimi naona watu waliojigawia walichonyimwa.

Ofisini mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani mishahara iliyobaki. Husimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na vyeti. Baadhi walileta vipande vya sare, na waliobaki walipewa ufagio wafanye nao gwaride kwa amri za Kijerumani. Nani angempima tengatenga, na kwa amri ipi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kurasa za katikati tumeziacha kwa ajili yao. Kama nyumbani kwenu Ipinda, Mwaya, Matema au ng'ambo ya Kasumulu kuna babu aliyechukuliwa kubeba, tuandikieni jina lake, kijiji alichotoka, jeshi alilobebea, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kama hakurudi, tuandikieni hivyohivyo.