Nunua Kitu, Usinunue Hadithi

Baba mdogo aliifungua leso juu ya meza ya mgahawa, pale Kariakoo, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyebeba dhahabu. Ndani kulikuwa na msalaba mweusi wenye kingo za rangi ya fedha.

"Huu wa babu yangu," alisema. "Alipewa na Mjerumani, vita ya kwanza. Dalali anasema Wazungu wanatoa milioni ishirini. Wewe mambo ya mtandao unayajua, mwanangu. Nitafutie mteja."

Ni kweli nayajua kidogo. Nilianza kusoma habari za nishani za Kijerumani kwa ajili ya huyo babu yake, ambaye nyumbani hakuacha picha wala karatasi. Na kwa kuwa nayajua, nilitamani nisingeufungua mdomo. Katikati ya msalaba kulikuwa na swastika, na chini yake mwaka 1939. Babu alirudi kutoka vitani mwaka 1918. Nikausogeza kwenye sumaku ya kava la simu yangu: haikushika. Msalaba wa Chuma halisi kwa kawaida ni vipande vitatu, moyo wa chuma uliopakwa rangi nyeusi na fremu mbili za fedha zilizounganishwa kuuzunguka. Ukitazama ubavuni utauona mshono. Huu ulikuwa umemiminwa kipande kimoja, kama kitasa.

Chai ilipopoa akakiri. Aliununua kwa laki mbili, kwa dalali huyohuyo.

Wakusanyaji wa nishani wana msemo wa kuwalinda watu kama baba mdogo: nunua kitu, usinunue hadithi. Maana yake, usisikilize muuzaji anasema nishani ilivaliwa na nani na kwa ushujaa gani. Angalia chuma, alama ya mtengenezaji kwenye kipete, utepe, kasha, na cheti kama kipo. Hayo ndiyo yanayopanga bei. Ni ushauri mzuri kwa mtu anayeogopa kuibiwa. Lakini ushauri huo umekua, umegeuka kuwa imani, na imani hiyo mimi naipinga.

Mfikirie Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Kijerumani. Vita ilipoanza mwaka 1914 alikuwa na miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Serikali ikamjibu kwamba amechelewa. Akabaki hukohuko, akawa mhudumu wa mezani, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu.

Mwaka 1934 Ujerumani ilianzisha Msalaba wa Heshima kwa walioshiriki vita ile. Kuutambua si kazi. Wa waliopigana una panga mbili zilizopishana na shada la majani, na katikati miaka 1914 na 1918. Wa walioshiriki bila kupigana hauna panga. Wa wajane na wazazi wa waliokufa ni mweusi. Wapiganaji zaidi ya milioni sita walipewa. Husen akaomba wake. Wakamkatalia. Akajipatia mwenyewe, inaaminika kwa kununua kwa wauza vifaa vya kijeshi, akauvaa kifuani.

Sasa mletee mkusanyaji msalaba ule. Ataupima na kukwambia kwamba chuma ni halisi, na kwamba ni miongoni mwa nishani za bei ya chini kabisa sokoni kwa sababu zilitolewa kwa mamilioni. Ukimwambia ulikuwa wa nani, atauliza cheti kiko wapi. Cheti hakipo, maana walimkatalia. Kanuni inayodai karatasi inamdai Husen kitu kilekile alichonyimwa. Ofisa wa mwaka 1934 alisema huyu mtu si wetu. Soko linarudia jibu lake bila hata kujua linamnukuu.

Kuna nishani nyingine iliyotengwa kwa ajili ya askari wa makoloni wasio Wazungu, Kriegerverdienstmedaille, yaani nishani ya ustahili wa mpiganaji. Ilikuwapo ili Mwafrika aliyepigana vizuri apongezwe bila kuwekwa safu moja na Mzungu. Walioipata walikuwa wachache, kwa hiyo leo ni adimu, na kwa wakusanyaji uadimu ndio bei. Tazama mzunguko huo. Ubaguzi uliifanya nishani iwe adimu, uadimu ukaifanya iwe mali, na mwenye jina, yule aliyeivaa, hayumo kwenye hesabu.

Utaniambia kwamba bila kanuni hiyo madalali wangetawala, na baba mdogo ni ushahidi, kwani aliuziwa hadithi. Nakubali aliibiwa. Lakini jambo la kufanya na hadithi ni kuichunguza. Watu wale wale wanaoweza kukutajia kiwanda kutokana na namba moja kwenye kipete, wenye lenzi, mizani na vitabu vinene vya katalogi, wanashindwaje kutafuta jina la askari? Majina yapo katika nyaraka za makoloni, katika vitabu vya misheni, na vinywani mwa wajukuu. Hawalitafuti kwa sababu halipandishi bei.

Na sisi tusijitoe. Tumekulia kwenye ndoto ya mali za Mjerumani: rupia zilizofukiwa chini ya mbuyu, masanduku yaliyofichwa kwenye mapango. Tunachimba makaburi na magofu kutafuta chuma chao. Hapo Kariakoo tulipokaa, jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi waliobebea jeshi la Waingereza mizigo katika vita hiyohiyo. Walikufa kwa maelfu, kwa njaa na homa zaidi ya risasi. Tunapita juu ya jina lao kila siku tukiuliza bei ya viatu.

Husen alikamatwa mwaka 1941, akishtakiwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo Berlin, mbele ya nyumba alimokaa, likiwa na jina lake. Jiwe hilo haliuzwi.

Nilimwambia baba mdogo ukweli wote, kuanzia sumaku. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua. Ila nilitaka tuwe na kitu chake."

Nikatoa daftari. Nikamwomba anitajie jina lote la babu, kijiji alikotoka, na mguu gani uliokuwa ukimuuma kila masika. Tuliandika mpaka mgahawa ukafungwa. Msalaba aliurudisha kwenye leso, akaondoka nao. Sikumzuia.