Kisahani cha Masafa ya Kati na Uhaba wa Istilahi

Wahenga walinena: mwenda pole hajikwai. Methali hii yamfaa kijana wa Ngoliba, mashariki ya Thika, atakayejaribu gofu ya visahani, yaani mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki hadi kwenye kikapu cha minyororo. Chama chake cha kimataifa, PDGA, kiliasisiwa Marekani mwaka 1976.

Visahani ni vya aina tatu: vya masafa marefu, vya masafa ya kati na vya kulengea kikapu. Mwanagenzi huvutiwa na cha kwanza, ilhali hicho chadai mkono wenye kasi. Kikiikosa huanguka kando mapema. Cha masafa ya kati hutii hata mkono mchanga, na mwenye fedha za kimoja tu aweza kukitumia kurushia mbali na kulengea pia.

Atakichaguaje? Visahani vingi hubainishwa kwa tarakimu nne zinazofafanuliwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili zingeweza kuitwa kasi. Mweleo, yaani uwezo wa kukaa hewani. Mpindo wa mwanzoni. Na mrejeo wa mwishoni. Kasi ya 4 au 5 yatosha, mpindo na mrejeo vikikaribia sifuri ili kisahani kinyooke. Isitoshe, Ngoliba iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huzidisha mrejeo.

Asiyezielewa tarakimu hizo hununua kwa kuvutiwa na rangi, na fedha zake hupotea. Kuunda istilahi, basi, si anasa ya wasomi. Vyama vya Kiswahili vyuoni viiwahi michezo mipya kabla haijazoeleka kwa lugha ya kigeni.