Mchoraji anayechanganya udongo na rangi hachezi

Watu wengi wakimuona mchoraji akibandika gunia, majani makavu ya mgomba na vipande vya vikwembe juu ya picha, wanacheka. Wanasema amekosa pesa ya kununua rangi. Maneno hayo si ya haki. Mchoraji wa namna hiyo anachagua vitu hivyo kwa sababu wekundu wa udongo wa Katanga haupatikani ndani ya kopo la dukani. Na anayechora ukuta wa Goma kwa unga wa mawe ya volkano anakuonyesha ukuta wenyewe.

Tena kuchora kwa kufuata rangi na mguso wa mazingira yetu si jambo la jana. Mjini Lubumbashi, wakati ule ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya Le Hangar mwaka 1946. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Aliwataka watazame maumbile yaliyowazunguka. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka. Bela Sara aliacha brashi, akachora kwa vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi, hata ukadhani ni kitambaa kilichofumwa. Hao hawakubandika magunia, lakini walitafuta kitu kile kile: pori na maji yaingie ndani ya picha, na mtu ayasikie.

Mwaka 2015, picha za hao watatu zilionyeshwa Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo kwenye Fondation Cartier. Na huku kwetu? Ni watoto wangapi wa Goma, Bukavu ao hata Lubumbashi wanaojua majina hayo? Shuleni mtoto anapewa kitu cha kunakili, anakinakili, basi.

Hasara yake ni kubwa. Mchoraji asiyenunuliwa na watu wake anaanza kuchora kile ambacho mgeni anapenda kubeba ndani ya sanduku: sokwe, mlima, mama na kikapu. Asipofanya hivyo, anaacha kazi na kutafuta nyingine. Tukizinduka, picha nzuri zitakuwa kwa wengine, na sisi tutaziangalia kwenye simu.

Wachoraji nao wana deni. Huku kwetu kuna unyevu mwingi. Jani lisilokauka vizuri linaota ukungu, udongo usiochekechwa unamwagika, gundi mbaya inaachia. Mnunuzi akipoteza picha baada ya majira moja ya mvua, harudi tena, na jina la wachoraji wote linaharibika.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayahitaji pesa za mbali. Walimu, wapeni watoto saa moja kwa juma wachore kwa makala, udongo na majani ya nje ya darasa. Wenye hoteli na wakubwa wa maofisi, kabla ya kununua picha zilizochapwa kiwandani kutoka nje, pitieni kwa mchoraji wa mtaa wenu. Na wewe ndugu msomaji, ukiuliza bei, usihesabu gunia na udongo tu. Hesabu na siku alizoziweka pale.