Bagamoyo pua na mdomo, mbona hatufiki?

Leo nina la aibu, na nalitoa mwenyewe kabla wambeya hawajaniwahi.

Mimi ni mtoto wa Kibaha, nimesoma hapahapa mpaka nikamaliza kidato cha nne. Sisi na Bagamoyo mkoa mmoja, pua na mdomo, lakini nilikuwa sijaikanyaga!

Mwezi uliopita nikaenda Kisarawe kumsalimia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu."

Katika stori nikamwambia najichanga niende Zanzibar, nikapige picha Mji Mkongwe. Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Na Bagamoyo umeshaimaliza?"

Nikabaki naangalia kucha.

Ndipo aliponitolea la moyoni. Babu wa babu yake alikuwa akichimba sandarusi hukuhuku Uzaramo. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale ulioganda ardhini, Wazungu walikuwa wakitengenezea vanishi. Mzee anajitwika mzigo, anatembea kwa miguu hadi Bagamoyo kuuza. Safari moja akaenda, hakurudi. Bibi naye hajawahi kufika huko, na sasa miguu imegoma.

"Nenda ukanitazamie," akasema.

Jumamosi nikamchukua binamu yangu, tukaunga magari mpaka Bagamoyo. Tukaanzia Kaole: magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na mbuyu mkubwa ambao binamu aliupiga picha mpaka simu ikakaribia kuzima.

Kutoka hapo tukaenda misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868. Hapa ndipo Susi, Chuma na wenzao walipoufikisha mwili wa Livingstone, Februari 1874, baada ya kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Zaidi ya kilomita 1,500, bwana! Mimi nikibeba ndoo mbili za maji nalala mchana kutwa.

Mjini tukaona Boma la Wajerumani la 1897. Walipoijenga, Bagamoyo haikuwa tena makao yao makuu, walishahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Lakini mimi roho yangu ilikuwa Caravanserai, ambako misafara ya bara ilikuwa ikifikia na pembe za ndovu. Mjini hapo waliingia wapagazi kwa maelfu, na watumwa wakapitishwa kupelekwa Zanzibar.

Nikazunguka vyumba vyote nikisoma vibao. Najua utanicheka, lakini nilikuwa namtafuta yule mzee. Jina lake sikuliona popote. Binamu akaacha kupiga picha, tukatoka, tukakaa ufukweni kimya tukiangalia majahazi.

Jumapili nikarudi Kisarawe na pweza wa bibi. Nikamsimulia yote, nikamwambia ukweli kwamba mzee wetu sikumpata. Akatafuna taratibu, kisha akauliza, "Na hiyo bahari, inaonekana ukiwa umekaa?"

"Inaonekana, bibi."

"Basi mtanipeleka."

Kwa hiyo msomaji wangu, Zanzibar isubiri kwanza. Ile hela tunaiongezea, tukodi Noah, bibi akakae pale ufukweni. Na wewe unayesoma hapo Maili Moja, bibi yako umeshamuuliza watu wake walipita wapi?

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.