Kuzimika kwa Mwanga si Ushahidi wa Dawa

Kidole kimoja hakivunji chawa. Msemo huo wa wahenga wazihusu hata protini: ndani ya seli, nyingi hufanya kazi kwa kushikana, kupashana amri, kisha kuachana. Baadhi ya maradhi, saratani ikiwamo, huchochewa na miungano isiyofaa. Ndiyo maana wataalamu hutafuta dawa ziwezazo kuzitenganisha protini mbili. Shabaha hiyo ni njema. Linalopasa kuangaliwa ni namna mafanikio yanavyopimwa.

Mwaka 1989 Stanley Fields na Ok-kyu Song walionyesha, kwa kutumia hamira, njia ya kutambua protini zishikanazo. Baadaye njia hiyo ilihamishiwa katika seli za mamalia, ambamo protini za binadamu hupata mazingira yaliyo karibu na yale ya asili. Swichi iwashayo jeni hugawanywa vipande viwili, na kila kipande huunganishwa na protini moja. Protini hizo zikikutana, vipande hukaribiana, na jeni ya kimeng'enya cha kimulimuli huanza kazi; seli ikipewa kemikali ifaayo, hutoa mwanga. Dawa ikizitenganisha protini, mwanga hufifia. Kwa njia kama hii maelfu ya kemikali yaweza kuchujwa kwa muda mfupi.

Hapo ndipo penye mtego. Mwanga hufifia pia iwapo kemikali imeiua seli, imezuia usomaji wa jeni zote, au imekizuia kimeng'enya chenyewe. Katika giza, sumu na dawa hufanana. Kwa hiyo kila seli yapasa kuwa na taa ya pili isiyotegemea muungano unaochunguzwa. Tena kila kemikali ijaribiwe juu ya jozi nyingine ya protini, ambayo haikukusudiwa kuguswa.

Wako watakaosema kuwa majaribio hayo ya ziada hula fedha na wakati. Historia ya navitoclax yawajibu. Protini Bcl-2 huzishika protini zinazoiamuru seli kufa, na hivyo seli ya saratani huendelea kuishi. Navitoclax huvunja mshiko huo. Lakini humgusa pia ndugu yake, Bcl-xL, ambayo chembe sahani za damu huitegemea ili ziishi. Chembe hizo, zisaidiazo damu kuganda, zilipungua kwa wagonjwa. Watafiti wakaiunda upya molekuli, wakapata venetoclax, iishikayo Bcl-2 na kuiacha Bcl-xL kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu. Thamani yake imo katika kile inachokiacha, sawa na kile inachokivunja.

Somo hili halihitaji maabara ya gharama. Mwalimu na atie ayodini katika uji mwepesi wa muhogo. Rangi ya buluu iliyokoza itatokea. Mate yakiumeng'enya wanga, rangi hutoweka. Lakini maji ya limau ya kutosha nayo huiondoa, ilhali wanga ungalipo: vitamini C imeibadili ayodini tu. Kabla ya kuandika hitimisho, mwanafunzi aelezwe kuwa rangi imetoweka katika vikombe vyote viwili, kisha abuni mwenyewe jaribio la kuzitofautisha sababu zake. Zoezi hilo lina faida kubwa kuliko kukariri orodha ya vimeng'enya.