Mbwa Atembezwe kwa Kadiri Yake

Hapa Uganda wengi wetu tukirudi nyumbani wakati wa likizo hupewa kazi ya kumtembeza mbwa, nasi twaifanya mbiombio ili tuwahi mpira. Wengine humfunga kwenye baiskeli saa saba mchana, kisha hujisifu kwamba wamekwenda maili tano. Kwa maoni yangu hayo si matembezi, ni mateso.

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ila kidogo tu chini ya nyayo. Hujipoza kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kama digrii 38 na nusu. Likipita 41 aweza kufa. Mwenye pua fupi, kama buldogi, hushindwa upesi zaidi. Bali Basenji, mbwa wa kuwinda wa Congo, aweza kwenda mbali. Basi maili si kipimo; kipimo ni mbwa mwenyewe.

Wenzangu, mtoeni asubuhi na mapema au jioni. Gusa lami kwa kiganja. Ikikuunguza, humwunguza naye. Mwacheni anuse njia, na akibaki nyuma akihema, simameni. Hawezi kusema, "Nimechoka." Ni juu yetu kumtazama.