"Mashini imesimama": ni jibu ao ni swali?

Batata na bamama ba ku mine, musome haya maneno mawili: "Mashini imesimama". Shefu wa ekipi akituma vile ku telefone, anauliza ao anajulisha? Kwa kinywa hakuna matata. Sauti ikipanda ku mwisho, ni swali; ikishuka, ni habari. Mufransa ana "est-ce que" yake, Muingereza anageuza mupango wa maneno. Sisi, hata tukiazima "eske" mara moja moja, tunauliza zaidi na sauti tu. (Kiswahili cha vitabu kina "je", lakini nani anaisema ku Katuba?)

Ku karatasi sauti haiko. Inabaki paka kale kaalama ka kuuliza, na tunakaacha juu ya haraka. Mutu anasoma swali kama habari, anafungua kifuniko, anaingiza mukono.

Koma nayo! Bandike ku mulango: "Kungoja hapana kuingia". Ukipumua nyuma ya "kungoja", njia imefungwa. Ukipumua nyuma ya "hapana", batu baingie mbio.

Bengine batasema bazee baliandika bila alama na tuliwaelewa. Tuliwaelewa namna gani? Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, mji wetu huu, katika Kiswahili chetu cha hapa. Johannes Fabian, aliyeitoa katika kitabu mwaka 1990, hakuweza kuisoma kwa macho tu: maneno yaligawanywa ovyo, alama karibu hakuna. Ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti, ndipo ikajulikana sentensi inaishia wapi. Historia inaweza kungoja musomaji wake. Mashini haingoje.

Makampuni yanatoa kofia na viatu, ni vizuri. Lakini tangazo la usalama linatafsiriwa ku biro, linabandikwa, na hakuna aliyelisoma kwa kinywa. Mimi naona hivi: mbele ya kulibandika, mutumikaji mmoja alisome kwa sauti, mbele ya benzake ambao hawajaliona. Babili bakilielewa mbalimbali, liandikwe upya. Haiombe pesa.

Na ku redio, kule makelele yanakula mwisho wa sentensi, ndipo ile sauti ya kupanda inapotea, musemaji aanze na neno "nauliza". Tena anayejibu asiseme "ndiyo" peke yake. Aseme: "Ndiyo, mashini imesimama."